Mbavu Zilizosimama Juu ya Pai

Walimu wenzangu mnaoanza, mmenisumbua tangu nistaafu mkitaka niandike mambo ya chumba cha upishi, na ukweli ni kwamba sikuhitaji kusumbuliwa sana. Nimekaa kibarazani hapa Nunguni, miguu juu ya kigoda, na tangu nishike kalamu nimecheka peke yangu mpaka kuku wananitazama kwa wasiwasi. Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka. Vyeo vilikuja vikichechemea, na mshahara mnaujua wenyewe, kwa hivyo tusiharibiane siku. Nitasema habari za chakula kimoja tu, shepadi pai, kwa sababu ndicho kilichonitesa tangu siku yangu ya kwanza kazini na ndicho kilichokuja kuniokoa.

Kwa wale ambao hawajaifikia kwenye silabasi, pai hiyo ni nyama ya kusaga iliyopikwa na kitunguu na karoti, ikatandazwa kwenye bakuli, ikafunikwa na viazi vilivyopondwa, kisha ikaingia kwenye oveni mpaka juu iwe ya kahawia. Ni hayo tu. Ukisikia mtu anasema ni chakula rahisi, muulize alikipikia wapi.

Mimi nilianzia Kitui, kule chini kwenye joto, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilitoka chuoni na aproni nyeupe niliyoipiga wanga mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Chumba cha upishi nilichokabidhiwa kilikuwa na meza ndefu, mafiga, sufuria zilizobonyea na dirisha lisilo na kioo. Kitabu changu kilianza hivi: washa oveni. Nikafunua ukurasa wa pili nione kama kuna maelezo kwa mtu asiye na oveni. Hayakuwepo.

"Leo tunapika shepadi pai," nikawaambia wasichana kwa sauti ya chuoni.

"Viazi iko wapi, Madam?" mmoja akauliza.

Nikatazama nje. Kulikuwa na miiba, vumbi, na mbuzi aliyekuwa akitutazama kana kwamba na yeye amejiandikisha darasani. Viazi havikuwepo wiki hiyo sokoni, na nilikuja kujua kwamba havikuwepo wiki nyingi. Lakini nilikuwa kijana na nilikuwa na aproni. Nikaamua tuponde mihogo.

Jamani, msiponde mihogo mkaiacha ipoe. Ilifanya gundi. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria na wasichana wawili walivuta, mmoja mwiko na mwingine sufuria, huku wengine wakishangilia kama wako uwanjani kwenye mchezo wa kuvutana kamba. Kilichoachia mwishowe ni mpini wa mwiko. Nilipiga kelele watulie, halafu kicheko kikanishinda na mimi, nikaketi chini na aproni yangu ya wanga ikavunjika vipande kunizunguka. Ndivyo nilivyojitambulisha kazini.

Kelele hizo ndizo zilizomleta Mwalimu Loise. Alikuwa anafundisha ushonaji chumba cha pili, mwanamke mkubwa, mwenye sindano kwenye ukosi wa gauni na kicheko cha kupitia puani. Aliomba aonje. Nikamkatia kipande kwa kisu cha nyama. Akatafuna. Kengele ya kubadilisha somo ikalia, bado anatafuna, na wasichana wote wanamtazama mdomo. Mwishowe akameza, akanywa maji, akasema, "Msichana wangu, jioni ukuje kwangu."

Kila ninachokijua kuhusu pai nilikipata nyuma ya nyumba ya mwanamke huyo. Alichukua kipande cha bati, akakunja kingo zake kwa nyundo zikawa ukuta mdogo pande zote ili majivu yasimwagike, akakiweka juu ya sufuria na kukijaza makaa yanayowaka.

"Oveni ndio hii," akasema. "Makaa mingi juu, kidogo chini. Chini nyama imeiva tayari, unaipasha tu. Kazi iko juu."

Na nyama? Kitabu kilisema kondoo. Sisi tulikuwa na mbuzi, na mbuzi wa Kitui ametembea sana, hasagiki kirahisi. Loise alinifundisha kumchemsha kwanza na mifupa yake mpaka nyama iachie yenyewe, kisha ndiyo unaikatakata ndogo ndogo na kuikaanga, na ile supu unaitia kidogo kidogo pamoja na kijiko cha unga ili ishikane. Akanifundisha pia kuiacha nyama ipoe kabla ya kupaka viazi, maana ukipaka viazi juu ya nyama ya moto vinazama, na unabaki na uji. Mnaweza kuyasahau mengine yote niliyoandika hapa, lakini hilo la kupoza nyama mlishike.

Nilipohamishwa kuja Nunguni, miaka ya sabini ikiwa mwanzoni, Loise alinifungia lile bati kwenye leso na kunikabidhi kituoni mbele za watu. Nililia. Alinikemea nisilie juu ya bati, litashika kutu.

Nunguni! Nawaambia, nilishuka na mizigo yangu, nikahisi ubaridi, nikaona shamba la viazi karibu na barabara, na nusura niruke ua nikavikumbatie. Viazi vya kweli, mlimani, na karoti, na maziwa ya kupondea. Shule ya wasichana niliyopangiwa ilikuwa na chumba cha upishi chenye madirisha yenye vioo, na mwaka wangu wa pili tulipata kutoka Makindu mashine ya kusaga nyama, ile ya kufunga kwenye ukingo wa meza na kuzungusha kwa mkono. Wasichana walipigania kuizungusha. Oveni ya kuni ilikuwepo ukutani, ila mlango wake ulikuwa umeng'oka zamani na ndani walikuwa wanalala paka. Sikujali. Nilikuwa na bati langu.

Nilikuwa na furaha kiasi cha kuimba nikisugua masufuria, ndipo Mzee Nzioka akaja kuniharibia.

Mzee huyo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa kizito asiyoivua ila kanisani, na watu wa sokoni walikuwa wanampisha njia hata kama hana haraka. Alisimama mlangoni pangu siku moja wasichana wakikoroga mchuzi, akavuta hewa puani, akapima chumba kwa macho.

"Madam," akasema, "mimi si mtu ya kuchukia kupika. Mimi nakula kila siku. Lakini kupika msichana anafundishwa na mama yake nyumbani. Hapa tulijenga shule watoto wajue hesabu. Na mahindi ya shule inanyeshewa huko nje. Hii nyumba itatosha stoo."

"Mzee, wasichana wanafanyia mtihani hapa," nikasema.

"Mtihani ya kuchemsha viazi," akasema, bila ubaya wowote, akaenda zake.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini siku iyo hiyo. Alikuwa mama mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa kamba. Aliniambia bodi ingekaa Ijumaa, na jambo la chumba changu lilikuwa la kwanza.

"Wapikie," akasema. "Wakikula wakose cha kusema, chumba ni chako. Wakipata cha kusema, mahindi itaingia na wewe nitakupatia somo la dini."

Nampenda Mungu, lakini simjui kiasi cha kumsahihisha kwenye karatasi ya mtihani. Nililala nikiwaza magunia yamepangwa pale penye meza yangu, na panya wakizungusha ile mashine ya Makindu. Niliogopa kweli kweli. Sikuwa na kazi nyingine niliyoipenda, na wasichana wangu wa kidato cha tatu walikuwa wameshachagua somo hilo. Mmoja wao, Ndinda, alikuwa amewaambia watu wote shuleni kwamba atakuwa mwalimu wa upishi, hata mlinzi wa langoni alikuwa anajua.

Huyo Ndinda alikuwa na mikono ya haraka na maswali ya haraka zaidi. Ijumaa asubuhi nilimweka awe kiongozi wa kundi. Tulichinja mbuzi mapema, tukaziweka mbavu kando, nyama tukaichemsha, tukaisaga, tukaikaanga na kitunguu mpaka harufu ikafika madarasani na somo la hesabu, lile alilolipenda Mzee Nzioka, likasimama. Tulikuwa tunapoza nyama Ndinda aliponijia na bakuli la viazi vilivyopondwa.

"Madam, mgeni ataonaje nyama yake?"

"Ataiona akikata."

"Na kabla ya kukata ataona nini?"

"Viazi."

Akanyamaza. Ndinda kunyamaza lilikuwa jambo la kuogopwa, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuwapokea wageni. Nikamwonyesha namna ya kuchora mistari juu ya viazi kwa uma, nikamkabidhi bati la Loise, nikamwambia makaa mengi juu, kidogo chini, nikaenda kuvaa viatu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Nyumbani tulikolelewa, mgeni wa heshima haambiwi tu kwamba amechinjiwa. Anaonyeshwa. Ubavu unawekwa mbele yake, juu kabisa ya sahani, auone na wenzake waone kwamba ni wake. Mwenyeji haugusi. Mimi nimekuwa mwenyeji maisha yangu yote, nyumbani na kazini, na mbavu nimezipitisha tu zikielekea kwa wengine. Sasa fikirieni mzee wa kimo hicho, amealikwa, mbuzi amelia asubuhi mtaa mzima ukasikia, halafu anawekewa bakuli la viazi. Mimi na kitabu changu hatukuwa tumefikiria hilo. Ndinda alikuwa amelifikiria.

Wanabodi waliketi kwenye meza ndefu, Mzee Nzioka katikati na mchungaji wa kanisa letu kando yake. Mchungaji akaomba kwa kirefu. Wasichana wakaleta bakuli kubwa lililofunikwa kitambaa, Ndinda mbele, kidevu juu. Nikasimama wima, nikasema maneno mawili ya kuwakaribisha, nikafunua kitambaa kwa madaha.

Mbavu nne zilikuwa zimesimama juu ya pai yangu.

Zilikuwa zimechomwa, zinang'aa mafuta, zimechomekwa kwenye viazi moja moja kama nguzo za ua, na kati yake ile mistari niliyoifundisha ilikuwa imepita vizuri sana. Nadhani nilitoa sauti. Mwalimu mkuu alinishika mkono juu ya kiwiko, na alama ya vidole vyake nilikaa nayo kwa muda. Nikamtazama Ndinda. Ndinda alikuwa anamtazama Mzee Nzioka, na hakuwa na hofu hata kidogo.

Mzee aliinama mbele. Akazitazama zile mbavu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaegemea kiti.

"Nilisikia mbuzi ikilia," akasema. "Nikajiambia, hawa watu wa vitabu wataipeleka wapi? Kumbe hii hapa."

Wenzake wakacheka. Nikaanza kupumua. Ndinda akachomoa ubavu mkubwa kuliko wote, akauweka juu ya sahani ya mzee, na kando yake akampakulia pai. Mzee akaushika ubavu, akauinua wote wauone, akausifu kwamba ni wa mbuzi mwenye afya. Kisha akamwekea mchungaji.

"Kula, Mchungaji. Wewe umeomba sana."

Wote wakasifu roho yake, na mimi moyo ukaanguka tena, maana niliona hataki kula chetu. Akachukua kijiko, akachota pai kidogo, kama mtu anayefanya adabu tu. Akatia mdomoni. Akasimamisha taya. Akaangalia juu kwenye dari. Akachota tena, mara hii kijiko kikiwa kimejaa. Nilisikia kijiko kikigonga sahani, kikigonga tena, na sahani ikawa tupu. Akaisogeza mbele kwa Ndinda bila kumtazama, na Ndinda akajaza. Ikawa tupu tena. Mjumbe mmoja aliyenyoosha mkono kujiongezea alitazamwa na mzee kwa namna ambayo ule mkono ulirudi mfukoni.

Baada ya sahani ya tatu alivua kofia. Hatukuwa kanisani.

"Msichana," akamwambia Ndinda, "hii nyama ni nani amenitafunia?"

"Ni mashine, Mzee," Ndinda akasema. "Na Madam ametufundisha tuichemshe kwanza ilainike."

Mzee alicheka mpaka akapiga meza, na ndipo nilipoona mdomo wake vizuri. Meno ya mbele yalikuwepo, safi, yamejipanga. Nyuma yake palikuwa patupu, ufizi tu.

Jambo la chumba halikufika kujadiliwa. Mwalimu mkuu alilitaja, na mwenyekiti akamuuliza kama anajua fundi wa kurudishia oveni mlango. Mahindi yakajengewa banda. Mimi nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya chumba cha upishi mahali ambapo hakuna mtu, nikarukaruka na viatu vyangu vizuri kama mtoto aliyepewa ruhusa ya kwenda sokoni. Nilipogeuka, kidato cha tatu chote kilikuwa dirishani. Nikaruka tena, kwani ningefanya nini?

Lakini ya kuchekesha zaidi ilikuja siku iliyofuata, Jumamosi. Nilikuwa nafagia majivu, mama mmoja akabisha hodi na kikapu cha nyama. Nilimjua, alikuwa mke wa Mzee Nzioka.

"Mwalimu, nimekuja kufundishwa," akasema. "Mzee amesema nisirudi kama sijajua."

"Karibu, mama. Lakini si mzee alisema kupika kunafundishwa nyumbani?"

"Nyumbani ni mimi," akasema, "na mimi sijui."

Tulicheka tukashikana. Kisha akaangalia mlangoni kama hakuna mtu, akaniambia taratibu, "Huyo mzee hana meno ya nyuma hata moja. Miaka yote akipewa ubavu kwa karamu anapatia jirani, na watu wanasema ako na roho safi sana. Akifika nyumbani ananiuliza kama kumebaki uji."

Nikamfunga aproni. Alikuwa mwanafunzi mzuri, ila aliiba viazi kwa kijiko kila nilipogeuka. Akaenda, akaleta dada yake, dada akaleta mke wa mjumbe, na kwa muda mrefu Jumamosi zangu zilijaa akina mama wenye wazee wasio na meno. Nunguni yote ilianza kula pai. Na hakuna aliyeipika bila mbavu kusimama juu, hata mimi mwenyewe. Aliyekuja kukagua masomo kutoka mjini aliniuliza kama mbavu ziko kwenye kitabu. Nikamwambia toleo letu linazo. Akala, akaandika kitu, hakurudi kuuliza.

Miaka ilikwenda hivyo. Wasichana walikuja, wakaungua vidole, wakajifunza, wakaenda. Loise alikuja kunitembelea mara moja akiwa mzee, akaonja pai yangu, akatafuna kwa muda mfupi tu, akasema sasa naweza kuitwa mwalimu. Ndinda alienda chuo, akafundisha upande wa Mtito Andei kwenye joto ambako aliniandikia kwamba viazi vinachemka kabla ya kuwekwa motoni. Kisha, miaka ya tisini, nilipokaribia kustaafu, akaletwa shuleni kwetu kushika nafasi yangu. Mtu angeniuliza nichague, ningechagua huyo huyo.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda na bati la Loise mkononi, limekuwa jeusi na kingo zimenyooshwa mara nyingi. Nilikuwa nimepanga kulikabidhi kwa hotuba. Ndinda hakunipa nafasi. Alinizuia mlangoni pa chumba cha upishi, chumba changu, akalipokea bati, akanivua aproni niliyokuwa nimeshaivaa kwa mazoea, akanipeleka kuketi kwenye meza ya wageni. Nilijaribu kuinuka nikaangalie makaa.

"Keti, Madam," akasema. "Kuna watu ya kuangalia."

Walimu wakaja, wasichana wakaja, tukaombewa. Bakuli likaletwa na kitambaa chake. Nilianza kusogeza sahani niwapakulie wengine, maana ndivyo mikono yangu inavyojua. Ndinda akafunua. Pai ilikuwa ya kahawia vizuri, mistari imenyooka, na juu yake ulikuwa umesimama ubavu mmoja tu. Akauchomoa, akazunguka meza yote huku nikifikiri anampelekea mwalimu mkuu mpya, akaja akauweka mbele yangu.

Niliutazama. Nikaelewa kwamba chumba kile kina mwenyeji mwingine sasa, na mimi ndiye mgeni. Machozi yakaja, sikuyaficha. Kisha, kwa kuwa meno yangu ya nyuma bado ninayo yote, nikaushika ubavu kwa mikono miwili na kuula mpaka mfupa ukawa mweupe, nikicheka na kulia kwa pamoja, na sikumgawia mtu.